Kwa Waheshimiwa Walinzi wa Karatasi Zetu

Waheshimiwa wakuu wa maktaba na hifadhi za vyuo vikuu, mlioko London, Hamburg, Dar es Salaam na kokote kule ambako mswada wa Kiswahili umelazwa kashani,

Tunatanguliza shukrani, maana bila nyinyi mchwa wangekwisha kumaliza kazi yao. Unyevu wa Lamu na Pate haumwonei mshairi huruma, na karatasi iliyosahauliwa darini haihitaji masika mengi kugeuka unga. Nyinyi mmeipa kasha lisilo na asidi, chumba chenye ubaridi usiobadilika, namba ya kumbukumbu na mtu wa kuuliza kila mgeni shida yake. Hakuna mshairi wa Mombasa wa karne ya 19 aliyepata kulala pazuri namna hiyo. Lalamiko letu ni dogo: amelala mno.

Hebu tuulize kwanza hizo karatasi zilifikaje kwenu. Mnapenda kuziita za asili, na mgeni anayezigusa hutakiwa kunawa mikono kana kwamba anaingia kumzalisha mtu. Lakini nyingi katika hizo ni nakala. Muhammad Kijumwa wa Lamu, mchongaji na mwanamuziki ambaye mwaka 1913 alitunga Utendi wa Liyongo, aliwanakilia tendi watafiti Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na kwa kazi hiyo alilipwa. Alitazama nakala aliyoandika mtu mwingine, ambaye naye alitazama ya mwingine, au alikumbuka alichosikia, akatia wino, akafunga bahasha, ikaenda Ulaya. Kwa hiyo kitu ambacho leo hakinakiliwi ila kwa idhini kilizaliwa kwa kunakiliwa, na mnakili mwenyewe angeshangaa kusikia kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuruhusiwa. Watu wa pwani waliujua unyevu wao vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa hifadhi. Dawa waliyoipata haikuwa kiyoyozi. Waliandika tena. Utendi wa Mwana Kupona, aliomwandikia bintiye mwaka 1858, haukutufikia kwa sababu karatasi moja ilitunzwa vizuri, bali kwa sababu wengine waliutaka, wakaunakili na kuusoma kwa sauti mbele za watu.

Ushahidi mkubwa zaidi ni Muyaka bin Haji. Alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu wa Mombasa. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwenye kumbukumbu za watu na kuyaandika, akampa mmisionari William Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London. Hichens akazitumia kutoa Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akamrudisha Muyaka Afrika Mashariki kwa kitabu kilichochapishwa Nairobi. Angalieni mlolongo huo, waheshimiwa. Kila aliyemwokoa Muyaka alimtoa mahali alipokuwa na kumpeleka kwa wasomaji wengine. Kasha la London lina sehemu yake katika hadithi hii, hatukatai. Ni sehemu ya chumba cha kungojea.

Sasa tuje kwenye kanuni zenu, ambazo tumezisoma kwa heshima inayostahili maandiko matakatifu. Wino hauruhusiwi mezani, ni penseli tu. Aliyeandika kwa kalamu ya mwanzi na wino mweusi angefukuzwa mlangoni pa chumba kinachotunza mwandiko wake. Hilo tunalisamehe, kwa kuwa doa halifutiki. Lisilosameheka kirahisi ni namna hakimiliki inavyotumika. Sheria ya Uingereza ya 1988 ina kifungu kitamu: kwa jumla, maandishi ya mtu aliyekufa zamani, ikiwa yalikuwa hayajachapishwa sheria hiyo ilipoanza kutumika, yanaendelea kulindwa hadi mwisho wa 2039, hata kama mwandishi yuko kaburini kwa karne tatu. Shairi lililochapishwa zamani liko huru; lililofungiwa linazidi kulindwa kwa sababu lilifungiwa. Wanasheria na wabishane kama kinga hiyo inamfika mtu wa Pate. Sisi tunakumbusha jambo moja ambalo mihuri yenu husahau kulitaja: hakimiliki, pale inapokuwapo, ni ya mtunzi na warithi wake. Mwenye kasha ana kasha.

Mtatujibu kwamba picha ziko kwenye intaneti. London imeweka huko picha za sehemu ya miswada yake ya Kiswahili, na kwa hilo tunaipongeza bila kejeli yoyote. Wangefanya wote hivyo, barua hii ingekuwa fupi. Lakini picha ya mswada si mswada uliosomwa. Miswada hii imeandikwa kwa herufi za Kiarabu; shule zetu zinafundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi peke yake, na kijana aliyehitimu kwa alama ya juu kabisa ataitazama picha yenu kama anavyotazama zulia. Hata aliyepita madrasa atakwama. Katika miswada mingi ya zamani herufi moja ya Kiarabu inasimamia b na p, pengine hata mb. Alama tatu za irabu zinabeba irabu tano. Na juu ya hayo lugha yenyewe ni Kiamu au Kimvita cha kale, lahaja za Lamu na Mombasa, zenye maneno ambayo kamusi za shule hazina. Kusoma hapo kunahitaji mtu, na mtu huyo hufa. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefanya kazi hiyo London kwa miaka mingi, alifariki mwaka 2008. Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi aliyeijua kazi hiyohiyo, alifariki mwaka 2017. Karatasi mmeziwekea bajeti ya karne nzima. Wanaoweza kuzisoma mmewaachia umri wao.

Mtajibu pia kwamba zikitolewa hakuna atakayezisoma. Hoja hii ina raha yake, kwa kuwa anayeitoa ndiye anayeshika ufunguo. Hemedi bin Abdallah el-Buhry wa Tanga alitunga utenzi juu ya vita vya 1888 na 1889, Wajerumani walipoitwaa pwani ya Mrima na Abushiri, kiongozi wa upinzani, akapigana nao. East African Literature Bureau iliuchapisha Dar es Salaam mwaka 1960, pamoja na tafsiri ya J. W. T. Allen, na tangu hapo mwanahistoria anayeandika juu ya vita vile hawezi kutosheka na ripoti za maofisa wa Kijerumani. Kabla ya hapo aliweza, na hakuna aliyemlaumu. Hatudai kwamba kila daftari mlilonalo ni johari. Mengine ni dua, mengine hesabu za duka, mengine mashairi mabovu, maana hata mabwana wa Lamu walikuwa na siku zao mbaya. Lakini kuamua lipi bovu ni haki ya msomaji, na mkitunyima madaftari mnatunyima hata raha ya kuyakosoa.

Tena kuna suala la wasomaji mliowakusudia. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, Carl Meinhof aliutoa mwaka 1911 katika jarida la Kijerumani la lugha za makoloni, na mwaka 1958 Jan Knappert akautolea tasnifu kwa Kiholanzi. Allen alizunguka pwani miaka ya 1960 akikusanya miswada na kanda, akaipeleka Dar es Salaam, mahali inapostahili. Orodha ya mkusanyo huo ikachapishwa Leiden mwaka 1970, kwa Kiingereza. Orodha kubwa ya miswada iliyoko Ujerumani, kazi ya Dammann ya 1993, iko kwa Kijerumani. Hatuwalaumu wataalamu hao kwa kuandika kwa lugha zao, na bila jasho lao tusingejua hata cha kudai. Tunasema tu kwamba mtu wa Siyu anayetaka kujua babu yake aliandika nini hutakiwa kwanza kujifunza lugha tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo babu aliijua.

Kwa hiyo hatuombi mturudishie makasha kesho asubuhi. Wapo wanaoyadai, na wana haki ya kusikilizwa, lakini kasha likihama kutoka chumba kimoja kilichofungwa hadi kingine kilichofungwa, mwenye faida ni kampuni ya usafirishaji. Tunachotaka kina gharama ndogo kuliko kiyoyozi. Orodha zitolewe kwa Kiswahili. Kila picha ifuatane na maneno yake kwa herufi za Kirumi, hata yakiwa na makosa, kwa kuwa wanakili wa zamani nao walikuwa na desturi ya kumwomba msomaji awasamehe na kuwasahihisha. Idara za Kiswahili, zile za Dar es Salaam na Nairobi zikiwa mbele, zifundishe mwandiko huo kama sehemu ya shahada, si kama mapambo ya wiki ya utamaduni. Na wazee wa Lamu na Mombasa wanaousoma walipwe kama wataalamu, siyo kushukuriwa katika tanbihi.

Mkisema wafanyakazi ni wachache, tutakubali mwanzo mdogo: daftari moja kwa kila maktaba, mtakalochagua wenyewe. Tungependa litoke kabla ya tarehe 1 Januari 2040, kwani kuanzia siku hiyo mtakuwa mmepoteza udhuru wenu bora.

Wenu katika subira,
Wasomaji