Kasida ya Skipu

Wanasema msifu mvua imemnyea. Basi nami ninayeisifu skipu, jueni nimewahi kuikodi.

Kwa walio nyumbani ambao neema hii haijawafikia: skipu ni beseni kubwa la chuma, aghalabu la njano, lililobonyea na kukwaruzika kila upande, ambalo mwenye mgahawa, kinyozi au fundi simu wa Uingereza hulikodi siku anapobomoa kaunta ya zamani ili aweke mpya. Huletwa na lori, hukaa mlangoni wiki moja au mbili, hujazwa, huchukuliwa. Farasi wametungiwa mashairi, majahazi yametungiwa, hata kahawa ina nyimbo zake. Skipu hupigwa mateke na wapita njia na kukojolewa na mbwa. Nimeona niisemee, maana haina wakili, na mara nyingi haina hata kifuniko.

Msifiwa hutajwa ukoo kwanza, na skipu si mwana wa jalalani. Babu yake ni Mfaransa. Mwaka 1883 mkuu wa mkoa wa Seine, Eugène Poubelle, aliwaamuru wenye nyumba wa Paris wawawekee wapangaji vyombo vya taka vyenye vifuniko, na taka zitengwe mara tatu: vitu vinavyooza mbali, karatasi na matambara mbali, na vigae, vioo na makombe ya chaza mbali. Wenye nyumba walinuna kwa gharama. Waokota matambara walilalamika kwamba riziki yao inafungiwa ndani ya debe. Baba yake skipu, aliyemletea lori, ni Mmarekani: George Dempster wa Knoxville, Tennessee, mkandarasi ambaye miaka ya 1930 alibuni sanduku la chuma linalonyanyuliwa zimazima na gari, badala ya vibarua kupakia kwa koleo. Baadaye akawa meya wa mji wake. Kwa hiyo ukoo huu una mkuu wa mkoa na meya. Hesabu wa ukoo wako kabla hujaipiga teke.

Tuje kwenye uzuri wake. Kaka yangu mmoja, Mpemba mwenye mgahawa mdogo mashariki mwa London, aliipokea ya kwanza asubuhi, kabla hata hajafungua mlango wa kazi. Lori lilirudi nyuma likilia pii-pii-pii mtaa mzima, dereva akashuka na koti lake linalong'aa, akaweka vipande viwili vya mbao chini ili lami isiumie, akarudi kwenye vishikio vyake. Mikono miwili ya chuma ikainuka, minyororo minne ikakaza, na ile bibi harusi ya njano ikapaa juu ya kitanda cha lori, ikayumba kidogo, ikashuka. Kishindo chake kilimwamsha hadi jirani aliyekwisha kuhama. Dereva akafungua minyororo, akatoa karatasi isainiwe, akaondoka. Hakuna ngoma iliyopigwa. Ilinisikitisha.

Na heshima yake mbele ya serikali ni kubwa kuliko ya mwenye duka. Ukitaka kuiweka barabarani, si ndani ya kiwanja chako, Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980 inataka kibali cha halmashauri. Iwe na taa giza likiingia. Iandikwe waziwazi jina la mwenyewe na namba yake ya simu au anwani. Iondolewe mapema iwezekanavyo ikishajaa. Kanuni za mwaka 1984 zikaongeza kwamba ncha zake zipakwe alama za kuakisi mwanga, nyekundu na njano. Mimi nimekaa nchi hiyo miaka na miaka na hakuna sheria iliyowahi kuamuru niwashiwe taa nikilala. Tena ikiwa mbele ya duka kuna maegesho ya kulipia, halmashauri huyasimamisha rasmi kwa ajili yake, na wewe hulipia kila siku ya usimamishaji huo. Waziri akipita mtaani hafanyiwi hivyo. Yeye hukaa kwenye foleni.

Ukarimu wake sasa. Kaka yangu aliifunga siku ya kwanza ikiwa na nusu: mbao za kaunta, vigae vya jikoni, rafu zilizooza. Asubuhi ya pili imejaa. Mkewe alikuwa wa kwanza kuiona.

"Baba Salma, godoro hili la nani?"

"Mungu ndiye ajuaye."

"Na hii baiskeli ya mazoezi?"

"Mama Salma, mimi nina baiskeli ya mazoezi?"

Alimtazama tumbo, akakubali kwamba hana. Usiku mmoja tu mtaa ambao kwa miaka mitatu haukuwahi kumwambia zaidi ya habari za mvua ulimletea godoro, baiskeli, televisheni ya kichogo, zulia lililonyeshewa na mti wa Krismasi wa plastiki, na hapo ni Juni. Waingereza ni watu wa staha; hawagongi mlango wako kuomba chumvi. Lakini wekeni skipu nje, mtajua siri za vyumba vyote. Mama mmoja mzee wa jirani alikuja mchana kweupe kuuliza kwa adabu kama kuna nafasi kidogo, na kaka yangu, mtu wa Pwani, angeanzaje kumwambia mkubwa wake hapana? Akampokea kiti kibovu kwa mikono miwili.

Kiti hicho ndicho kilichofunua kwamba mkarimu huyu ana miiko. Skipu haili kila kitu. Haili tairi, friji, betri, mitungi ya gesi, rangi ya maji maji wala asbesto. Jipsamu haitaki ichanganywe, na hapo ana sababu: tangu 2009 jipsamu imekatazwa kuzikwa dampo pamoja na vitu vinavyooza, kwa kuwa vikikutana chini huko, pasipo hewa, hutoka gesi yenye harufu ya yai viza, nayo ni sumu. Viti na makochi ya sponji ni mwiko mpya zaidi. Tangu 2023 kochi la aina ya nyumbani, hata likitoka dukani, halizikwi tena wala halichanganywi na taka nyingine, kwa ajili ya dawa za kuzuia moto zilizotiwa kwenye vitambaa na sponji zamani. Hizo haziozi, hukaa udongoni na kwenye miili ya viumbe, kwa hiyo kochi sharti lichomwe kwenye tanuri maalumu. Mgahawa uliojipamba kwa makochi ya kizamani ili wateja wajisikie nyumbani utalipa ziada kuyatoa hapo nyumbani. Godoro nalo makampuni mengi hulitoza peke yake. Kaka yangu alilipia godoro ambalo hakulilalia.

Lakini sifa inayonigusa zaidi ni uadilifu wake. Sisi tumelelewa kwenye lumbesa. Tunalijua gunia lililovishwa kilemba cha kamba hadi likapata ghorofa, na tunajua kwamba Wakala wa Vipimo anaweza kupiga marufuku kila mwaka na kilemba kikabaki palepale. Skipu haina kilemba. Ukingo wa chuma ndio mwisho; kitu kikizidi hapo dereva hainyanyui, kwa sababu kikidondoka barabarani kesi ni yake. Hakuna "ongeza kidogo bosi", hakuna soda ya dereva. Kaka yangu alijaribu kumkaribisha sambusa. Dereva alikula sambusa, akashukuru, akaelekeza kidole kwenye mti wa Krismasi uliochungulia juu ya ukingo, akangoja utolewe. Nimekutana na mahakimu wenye msimamo mdogo kuliko huo.

Ni mwalimu wa hesabu pia, na ada yake si ndogo. Hupimwa kwa yadi za ujazo: ya yadi 8, ndiyo wanayoipenda wenye maduka, hubeba mita za ujazo 6 hivi. Ya yadi 12 ipo, lakini ni ya vitu vyepesi. Ukiijaza kifusi lori halitaiinua, utabaki nayo kama mnara wa ukumbusho. Unalipia nafasi, kwa hiyo unalipia hewa. Mwenye duka anayetupa maboksi bila kuyakunja anakodi skipu kusafirisha upepo. Ndiyo maana nasema, pamoja na mapenzi yangu yote kwake, atakayeikodi kwa taka za kila siku za mgahawa, maganda ya vitunguu na makopo ya nyanya, ana pesa za kuchezea. Hiyo ni kazi ya pipa la magurudumu na mkataba wa kila wiki. Tena huko England, tangu 31 Machi 2025, biashara yenye wafanyakazi 10 au zaidi inatakiwa kutenga mabaki ya chakula na vitu vya kurejeleza mbali na taka nyingine, na wadogo zaidi wamepewa hadi 31 Machi 2027. Poubelle aliyataka hayo kabla babu zetu hawajazaliwa. Skipu ni ya siku ya kubomoa, si ya siku ya kupika.

Mbona basi bei yake kali? Kwa sehemu kubwa ni dampo. Mwezi Oktoba 1996 Uingereza ilianza kutoza kodi kila tani inayozikwa, pauni 7 kwa taka za kawaida. Kifusi kisichooza kikawekewa kiwango chake cha chini. Kufikia Aprili 2025 zile 7 zilikuwa zimefika 126.15. Mwenye dampo hulipa, kisha humsukumia mwenye skipu, naye humsukumia mwenye kaunta mpya. Kodi iliwekwa makusudi iume, ili watu wachambue na warejeleze kabla ya kuzika, na imeuma kweli: makampuni ya skipu hupeleka mizigo kwenye vituo vya kuchambulia, chuma kikauzwa, mbao zikasagwa, kifusi kikawa kokoto, kinachozikwa kikabaki kidogo.

Imeuma hata ikazaa kijana wa gari jeupe. Huyu hupita dukani, hutabasamu, hutaja bei nusu ya skipu, hataki kibali wala taa, hupakia kwa dakika kumi na kutokomea. Jioni mzigo wako uko kwenye kichochoro cha shamba la mtu. Halmashauri za England hurekodi matukio ya namna hiyo zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Na ndani ya mzigo kuna bahasha yenye jina la duka lako, kwa hiyo barua ya kuitwa inakuja kwako, si kwake. Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya 1990 inamtaka mwenye biashara ahakikishe taka zake zinabebwa na aliyesajiliwa, ziandikiwe hati ya makabidhiano yenye namba ya tarakimu sita ya aina ya taka (mchanganyiko wa kubomoa ni 17 09 04), na hati hiyo itunzwe miaka miwili. Kuna ndoa zilizotunzwa muda mfupi zaidi.

Watu wa nyumbani mtacheka kwamba uchafu una cheti cha safari. Kule kwetu kijana wa mkokoteni huchukua, tunampa chake, na hakuna anayeuliza anakwenda wapi. Waliowahi kuuliza ni wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, kwa sababu takataka za jiji zima zilikuwa zinakwenda kwao. Mwaka 1988 waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na uvundo wa dampo lililowekwa katikati ya makazi, na Mahakama Kuu ikawapa haki, ikasema kuhatarisha afya yao namna ile kunagusa haki yao ya kuishi iliyomo kwenye Katiba. Jiji halikuhama upesi, lakini lilihama. Sisi wenye maduka ya Kariakoo hatukushitakiwa, maana taka zetu hazikuwa na jina. Skipu ina jina, namba ya simu, taa na karatasi yenye sahihi yako. Inakaa mlangoni wiki nzima ukikitazama ulichonunua kwa mkopo kikigeuka mzigo, na wateja wako wanakitazama pia. Ni udhia mtupu, na kwa udhia huo imewatendea watu wa mwisho wa safari wema ambao kijana wa gari jeupe hajawatendea.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye kiduka huko ughaibuni, usiitukane. Kabla hujalipa, chukua jina la kampuni ulitafute kwenye rejista ya wabeba taka ya Wakala wa Mazingira. Iko wazi mtandaoni na haitozwi senti. Omba hati yako, uitie kwenye faili. Na usiku wa kwanza, funika turubai.