Fyuzi ya Maziwa

Boksi la amplifaya liliandikwa WATI 3000 kwa herufi nyekundu, nami nikaamini. Bucha akinipimia nyama nusu kilo namkodolea macho mpaka mizani itulie, lakini boksi nililiamini papo hapo. Hapa Isiolo, Probox za miraa zikitoka Maua hupita zikitetemesha vikombe vya chai hotelini, na yangu ilikuwa na spika mbili za mlangoni zinazokohoa. Mwanamume ana heshima yake.

Ukweli ulikuwa ubavuni mwa mashine yenyewe: fyuzi mbili za kijani, yaani ampea 30 kila moja. Injini ikinguruma, betri na altaneta hutoa kama volti 14. Sitini mara kumi na nne ni wati 840, na hizo ni zile zinazoingia tu. Sehemu yake hugeuka joto kabla haijawa muziki, kana kwamba Isiolo tumepungukiwa joto. Zile elfu mbili na ushee zilizobaki zilikuwa wino.

Lakini hesabu hiyo niliipiga baadaye. Siku ile nilikwenda kununua waya, nikaulizwa nataka namba 4 au namba 8. Nikasema namba 8, maana kwetu nane ni kubwa kuliko nne, na tena ilikuwa bei rahisi. Nilitoka dukani nikijiona nimemzidi akili mwenye duka. Kumbe namba za waya huenda kinyumenyume: ikipungua namba, waya unanenepa. Ganda jekundu lilikuwa nene kama kidole gumba, ndani mna nyuzi chache. Ningezikwaruza kwa kisu, rangi ya shaba ingetoka na kuacha weupe wa alumini, ambayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu.

Fundi sikumwita. Nilitoboa tundu kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva, nikapitisha waya hivyo hivyo, bati likiwa na meno kama msumeno. Fyuzi kubwa ya ampea 60 iliyokuja na waya niliifunga nyuma, kando ya amplifaya. Nilijiuliza, kilichonigharimu pesa ni nini, waya au amplifaya? Basi mlinzi akalinde mali.

Besi ilipiga. Ilikuwa pia na mluzi uliopanda kila nilipokanyaga mafuta, kwa sababu waya za sauti nilizilaza ubavuni mwa ule wa umeme. Mama mmoja muuza maziwa ya ngamia, abiria wangu wa kila mara kutoka Archer's Post, aliniuliza, "Mwanangu, gari linalia nini?" Nikamwambia ni wimbo, mama.

Tulikuwa tumekaribia Ngare Mara, mikebe minne nyuma, wa tano miguuni pake, na basi la Nairobi likisubiri mzigo mjini. Nikasikia harufu. Nikadhani ni watu wanaochoma takataka kando ya barabara, ila nilipowapita hao watu wa kufikirika harufu ikaja nasi. Kisha moshi ukafuka chini ya zulia, mzito, wenye ladha ya kandambili iliyoanguka jikoni.

Nikasimama, nikazima redio. Moshi. Nikazima injini na kuchomoa ufunguo kabisa, nikauinua juu ili gari liuone. Moshi ukazidi! Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kuchelewa, kwamba waya ule haujui habari za ufunguo. Unatoka moja kwa moja kwenye betri. Meno ya bati yalikuwa yamekula ganda, waya ukagusa bodi, na betri nzima ikawa inamwagikia hapo. Fyuzi yangu huko nyuma ilikuwa nzima, haina habari, kama askari anayelinda mlango wa choo huku wezi wakiingia sebuleni. Fyuzi hulinda waya. Mahali pake ni karibu na betri, isizidi sentimita 45, na ukubwa wake hufuata waya unavyoweza kubeba.

Nami ningekuwa nikitafakari hayo hadi leo kama mama hangefungua mkebe na kulimwagia zulia lita tano za maziwa. Zulia likanyamaza. Mimi nikakimbilia boneti kutafuta spana namba 10, ambayo kama kawaida haikuwepo, nikang'oa kichwa cha hasi kwa koleo na matusi ya chinichini.

"Sisi vibuyu vyetu tunavifukiza kwa moshi wa kuni maziwa yapate harufu nzuri," mama alisema akitazama zulia. "Wa plastiki sijawahi." Kisha akanitajia bei ya lita tano, bei ya Eastleigh, si ya Isiolo. Nikalipa.

Sasa nina waya wa shaba namba 4, raba kwenye tundu, na fyuzi shubiri moja kutoka betri. Fundi aliuhamisha waya upande mwingine na mluzi ukaisha. Harufu ya maziwa ndiyo imekataa kuhama, hasa saa saba mchana madirisha yakiwa yamefungwa. Juzi abiria mgeni alikunja pua akauliza ni kitu gani hicho.

"Hiyo," mama akamjibu kutoka kiti cha mbele, "ni fyuzi yake ya kwanza."