Volti 1000

Vioo vya pembeni vya gari langu vilipong'olewa mara ya pili, na mara ya pili nikavinunua tena kwa vijana ambao sikutaka kuwauliza wamevitoa wapi, niliamua kufunga alamu. Fundi akanitajia gharama ya ufundi iliyokaribia bei ya alamu yenyewe, basi nikaona nifunge mwenyewe. Fizikia nilisoma mpaka kidato cha nne. Nilipata D, lakini D nayo ni ufaulu.

Ndani ya boksi mlikuwa na king'ora, rimoti mbili na shada la nyaya za kila rangi. Wa indiketa ulikuwa mmoja tu, ilhali gari lina nyaya mbili, wa kushoto na wa kulia. Nikaona wenye kiwanda wamejisahau. Nikazichuna zote tatu, nikazisokota pamoja, nikazungushia solotepu. Nikabonyeza rimoti. Twi! Taa zote zikakonyeza. Nilimwita mke wangu atoke aone.

Kesho yake, pale Buguruni, nikawasha indiketa ya kushoto. Zikawaka pande zote mbili. Nikajaribu ya kulia, yaleyale. Sasa mjini hapa wapo madereva wanaoamini kwamba hazadi maana yake ni "naenda moja kwa moja", kwa hiyo walinipisha kwa adabu zote niende moja kwa moja, mimi nikakata kushoto, puani mwa bodaboda. Trafiki akanisimamisha.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Kushoto, afande."

"Mbona gari linasema hujaamua?"

Tangu siku hiyo nikawa natoa mkono dirishani kila ninapokata kona, kama dereva wa enzi za baba yangu.

Kumbe umeme wa kushoto ulikuwa ukifika kwenye kile kifundo changu na kuvukia kulia. Dawa yake ni dayodi mbili, moja kila upande, kwa kuwa dayodi hupitisha umeme uende taani ila haiuruhusu kurudi. Nikaenda Kariakoo.

"Dayodi ya ngapi, bosi?" muuzaji akauliza.

Sikujua kwamba ni swali. Akanisaidia: akaweka mbili juu ya kioo cha kaunta, 1N4001 na 1N4007. "Hii volti 50, hii volti 1000. Bei moja." Betri ya gari ni volti 12. Mtu anakupa 1000 kwa bei ya 50, wewe ni nani ukatae? Nikachukua za 1000, vidude vyeusi vyembamba kama punje ya mchele, vyenye mstari wa fedha ncha moja. Mstari ule unatakiwa uelekee kwenye taa. Moja niliifunga kinyume, lakini hayo tuyaache.

Siku tatu gari lilikuwa na akili zake. Usiku wa nne paka akarukia boneti. King'ora kikalia nusu dakika nzima, taa zikiwaka na kuzima, majirani wakinitaja kwa majina ambayo sikupewa na wazazi. Kulipokucha indiketa ya kushoto ilikuwa inawasha mji mzima tena, na chini ya dashibodi kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua.

Wakati huohuo fyuzi ya alamu ikaanza kukatika. Ilikuwa nyekundu, ya ampea 10. Nikaweka mpya, nikafungua mlango, ikakatika. Nyingine, mlango, ikakatika. Mwenye C angejiuliza huo mlango una nini. Mimi nilipekua kopo la vipuri nikapata ya kijani, ya ampea 30. Fyuzi haikukatika tena. Ila waya ulilainika ganda kama ubani wa kutafuna, moshi ukanitoa garini nikiwa na kiatu kimoja.

Fundi alipokuja alicheka kwanza, akafanya kazi baadaye. "Mzee, volti ni urefu wa mnara wa tangi, ampea ni upana wa bomba. Wewe umenunua mrija wa soda unaostahimili tangi la ghorofani." Akanipigia hesabu: kila upande una balbu mbili za wati 21 na kadogo ka ubavuni ka wati 5. Hizo ni karibu ampea 4, na dayodi yangu ni ya ampea 1. Ule mkonyezo mmoja wa kufunga milango iliumudu. Nusu dakika ya paka haikuiweza.

Halafu akauvuta waya kutoka mlangoni. Ulikuwa umebanwa kwenye bawaba, ganda limechunika, na kila mlango ukifunguliwa unagusa bodi, shoti. Fyuzi ya 10 ilikuwa inaniambia hilo siku zote, nami nikaifukuza nikaajiri bubu. "Fyuzi inalinda waya, mzee, hiyo alamu ni abiria tu," alisema, akaisogeza karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kinachotangulia fyuzi hakina wa kukilinda.

Akafunga dayodi mpya za ampea 6, nene kama punje za mahindi.

"Hizi ni za volti ngapi?" nikauliza.

"400."

Nikahisi nimepunjwa, lakini nilinyamaza.

Juzi nilipita tena Buguruni. Indiketa ya kushoto iliwaka kushoto peke yake. Afande alikuwa yuleyule. Akainama dirishani.

"Mzee, rudisha mkono ndani. Tumeshakuelewa."