Kigoda Kilichokohoa Unga

Aibu za uwanja wa ndege ni nyingi, lakini hakuna inayochoma kama kuona kigoda cha nyumbani kikipinduliwa juu ya karatasi nyeupe, kikigongwa kidogo kwa kifundo cha kidole, kisha kikakohoa unga. Unga wenyewe mlaini kuliko wa ngano, na unaendelea kumwagika hata mkono ukishatulia. Haya ndiyo yanayomsubiri Mwarusha anayehamia Melbourne au Auckland na vitu vya mti ndani ya sanduku. Afisa hasemi neno baya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Anasema pole. Anavaa glovu, anawasha tochi ndogo, anaingiza sindano kwenye kitundu chini ya kiti, anaita mwenzake, mwenzake anakuja na kioo cha kukuzia, na foleni nzima inanyoosha shingo kuona huyu bwana kaleta nini. Kaleta kigoda cha miguu mitatu, cha gogo moja lisilo na msumari, ambacho shangazi wa Tengeru aliapa lazima kiende kwa kuwa mtu hahamii ugenini bila kiti. Sasa kiti kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kubandikwa namba, kama ushahidi wa kesi ya mauaji, na mwenye kiti anaambiwa achague: kipashwe joto, kigandishwe, kifukizwe gesi, kipigwe mionzi ya gamma, kirudishwe kilikotoka, au kiteketezwe. Tiba yoyote atakayoichagua atailipia mwenyewe, na mara nyingi bili inazidi bei ya vigoda sita.

Hoja yangu ni moja, na najua pale Soko la Wamasai la Arusha haitapigiwa makofi: afisa yule yuko sahihi, ila kazi yake ameifanyia mahali pasipofaa. Ukaguzi ule ulipaswa kufanyika wiki kadhaa kabla, chini ya Mlima Meru, na hakuna mji Tanzania wenye udhuru mdogo kuliko Arusha. Makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi taasisi ambayo wenyeji bado wanaiita TPRI, yako Ngaramtoni, mwendo wa daladala moja kutoka mjini. Jirani yake, Olmotonyi, kuna Chuo cha Misitu. Yaani wanaoujua mti na wanaomjua mdudu anayeula mti wanaweza kukutana kwa chai ya saa nne, na katikati ya mji kuna vinyago, vigoda, rungu na miiko isiyohesabika inayongoja kupanda ndege. Lakini anayenunua kinyago huambiwa kila kitu kuhusu ukoo wa aliyekichonga, na hakuna anayemgusia habari ya mdudu.

Mdudu mwenyewe anastahili heshima. Kuna bungua mmoja mdogo, mwembamba, wa rangi ya kahawia, ambaye wataalamu humwita Lyctus. Jike lake ni mteja mgumu kuliko mama yeyote wa soko la Kilombero hapa Arusha. Kabla ya kutaga huonja kwanza: hung'ata uso wa mbao, akaacha alama za meno, na akiona wanga hautoshi huenda zake. Akiridhika, hutafuta mirija ile ambayo mti ulipokuwa hai uliitumia kupandishia maji, akaingiza mayai humo. Msonobari unamshinda kwa sababu hauna mirija ya namna hiyo. Buu akianguliwa huanza kula, na anachokitaka hasa ni wanga uliobaki kwenye mti mweupe, lile tabaka la nje linalozunguka kiini. Hula kimya kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, na nyuma yake huacha ule unga mlaini. Kigoda kinakaliwa, kinapigwa picha, kinaingia kwenye sanduku, na nje hakionyeshi lolote. Halafu siku moja mdudu mzima anatoboa kitundu cha milimita moja au mbili na kutoka. Kwa hiyo kitundu anachokiona mnunuzi ni mlango wa kutokea. Anayekiziba kwa nta na kukipaka kiwi amefunga mlango mgeni akiwa ameshaondoka, na ndugu zake wangali ndani wanakula. Afisa wa karantini analijua hilo, ndiyo maana tundu moja linamtosha kuita mwenzake.

Na hapa ndipo mpingo unapoingia. Kiini cheusi cha mpingo ni kigumu na kizito kiasi kwamba kikitumbukizwa majini kinazama, na bungua huyu hana habari nacho. Anachokitaka ni ule ukingo mweupe ambao baadhi ya wachongaji huuacha makusudi kwa urembo, na anataka zaidi ile miti myepesi inayochongwa leo, inayosuguliwa msasa leo, inayopakwa kiwi jioni na kuitwa mpingo kesho asubuhi. Ukichukua kitambaa chenye maji ukasugua mgongo wa kinyago, weusi wote ukahamia kwenye kitambaa, huo ni mti mwepesi wenye wanga, ambao huenda haujakauka vizuri, na una rangi ya viatu. Kwa maneno mengine, ulaghai unaomwibia mtalii hela ndio huohuo unaompeleka bungua Melbourne. Mchongaji anayetumia mpingo wa kweli, akaukausha kivulini bila haraka na kuondoa gome lote, tayari amefanya sehemu kubwa ya kazi ya karantini hata kama hajawahi kulisikia neno hilo. Gome ni kesi nyingine: kwa Australia, kipande cha gome kilichoachwa kwenye mguu wa kigoda ili kionekane cha asili kinatosha kukizuia kigoda hicho, awemo mdudu asiwemo.

Wapo watakaosema hii ni dharau tu: Mzungu akiona kitu cha Mwafrika anaona uchafu. Ningependa iwe kweli, maana hasira ingekuwa rahisi. Lakini kanuni hizi hazikuanza kwa vinyago vyetu. Mwaka 1996 huko Brooklyn, New York, waligundua miti ya mitaani ikiliwa na mdudu mwenye pembe ndefu kutoka Asia, aliyeaminika kusafiri ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Mwaka 2002 Michigan wakamkuta mwingine aliyekuwa akiua miti aina ya ash, na hadi leo ameshaua makumi ya mamilioni. Mwaka huohuo wa 2002 ikapitishwa kanuni ya kimataifa, ISPM 15, kwamba mbao ghafi za kufungashia zipashwe joto mpaka nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au zifukizwe, kisha zipigwe mhuri wenye suke la ngano na alama ya nchi. Na ni nyuzi 56 za katikati ya mbao. Joto la hewa ya tanuru halihesabiwi. Kipimo huchomekwa ndani kabisa. Fikiria basi fundi anayetakiwa kutoboa kinyago cha ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, ili afike kwenye kiini: atamtoboa tumboni mzee wa chini kabisa, aliyebeba ukoo mzima. Tena mpingo ukipashwa kwa pupa hupasuka. Matokeo yake ni kichekesho ambacho wala si cha kubuni: paleti ya msonobari iliyobeba magunia ya kahawa ina mhuri, na inapita mipakani bila kuulizwa jina, ilhali kinyago kilichomkalisha mtu wiki nzima akichonga hakina karatasi yoyote na kinashikiliwa.

Kuhusu dharau, tumwulize mkulima wa mahindi wa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Tabora, alionekana kwenye maghala mdudu aliyetoka Amerika ya Kati. Wakulima walimwita dumuzi, na wengine wakamwita Scania, kwa jina la malori, na jina hilo si sifa. Dumuzi ni wa ukoo mmoja na bungua wa kigoda, na mbao pia anatoboa, hata nguzo za ghala anazipitia. Magunia mangapi yamegeuka unga kabla ya kufika kinuni, kwa sababu siku moja mzigo mmoja ulipita bila mtu kuupindua juu ya karatasi nyeupe? Aliyewahi kufungua kihenge chenye dumuzi hawezi kumcheka afisa mwenye tochi. Nasi pia tunajua kuwa wakali mlangoni: tangu Juni mosi 2019 mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA na mfuko wa plastiki anatakiwa kuusalimisha, na sijasikia tukiita hiyo dharau kwa Wazungu.

Pingamizi la pili ni la babu: kigoda hiki kina miaka 60, kingekuwa na mdudu kingeshaisha. Hapa babu ana nusu ya haki. Wanga ndani ya mti hupungua kadiri miaka inavyopita, na Lyctus hana hamu na kigoda cha kizee. Kigoda kipya cha sokoni ni cha hatari zaidi kuliko cha urithi. Ila wadudu si aina moja. Kuna mbawakawa wa Amerika Kaskazini, anayeng'aa kama dhahabu, aliyerekodiwa akitoka kwenye mbao zilizokwisha kujengewa nyumba baada ya zaidi ya miaka 50. Afisa hawezi kumwuliza kila buu umri wake. Na tusisahau kuwa kigoda cha miaka 60 kimesimama kwenye tope la Meru miaka 60. Udongo uliojibana kwenye nyufa za miguu ni kosa la peke yake, na hilo linatibika kwa brashi na maji kabla ya safari.

Pingamizi la tatu sina hamu ya kulijibu, kwa sababu nakubaliana nalo. Wanasema kanuni hutungwa na wenye sauti. Mwaka 2016 kule Johannesburg, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliiweka jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, kwenye orodha ya miti ya kudhibitiwa kibiashara, kuanzia Januari 2, 2017. Kisa kikubwa kilikuwa mbao nyekundu za fanicha zilizokuwa zikimezwa na soko la China. Mpingo ukaingizwa na ukoo wake. Wanamuziki wa Ulaya na Marekani wakashtuka, kwa sababu klarineti na oboe zinatengenezwa kwa mpingo, na mpingo huo unatoka kwetu na Msumbiji. Wakalalamika kwa utaratibu, wakasikilizwa. Kwenye mkutano uliofuata, Geneva, Agosti 2019, ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti bila kikomo cha uzito. Vitu vingine vilivyokamilika, vinyago vikiwemo, vikawekewa kilo 10 kwa mzigo. Kwa mti unaozama majini, kilo 10 hazikufikishi mbali: mnara wa ujamaa hauhitaji kufika kiunoni kuzipita. Kiwanda cha klarineti kinaweza kutuma shehena nzima bila kibali cha CITES, na mchongaji wa Arusha akifikisha kilo ya 11 anadaiwa karatasi. Mti ni uleule, na huenda hata msitu ni uleule. Nitaambiwa ala za muziki hutumia mpingo kidogo. Sawa, na kinyago kinachomlisha mtu na wanawe kinatumia kiasi gani, na ni nani aliyekipima pale Geneva? Mdudu angalau hana upendeleo. Anakula chochote chenye wanga.

Ndiyo maana sioni faida ya kuendelea kumnunia afisa wa Melbourne. Anayesafiri leo atangaze kila kitu cha mti kwenye fomu, kwa sababu kutangaza hakutozwi faini na kuficha kunatozwa. New Zealand ni dola 400 za huko papo hapo, kabla hujamaliza kusema hukujua. Kinu na mchi viachwe kwa shangazi. Mwiko wa mbao unapita ukiwa mkavu na msafi. Kibuyu cha maziwa, hata kikifukizwa vipi kwa kijinga cha mzeituni wa porini, kina harufu inayoamsha mbwa wa ukaguzi akiwa mita nyingi. Rungu litakaguliwa mara mbili, na mara ya pili si kwa ajili ya wadudu.

Lakini kwa wanaouza, kinachokosekana ni kidogo kuliko kelele zetu: tanuru moja la pamoja lenye kipimo cha joto la ndani, mkaguzi wa kutoka Ngaramtoni siku mbili kwa wiki, na kibandiko kinachosema mti ni upi, umekauka, hauna gome, na umepashwa lini. Cheti cha hapa hakimfumbi macho afisa wa kule. Atakagua tu, ila atakagua kitu kilichokwisha kukaguliwa na mtu anayemjua bungua kwa jina. Wataniuliza nani atalipa. Atalipa mtalii, kama anavyolipa kila kitu kingine Chuga, Arusha yetu. Bei itapanda kwa shilingi elfu kadhaa, na muuzaji ninayemfahamu mimi hatakuwa na kigugumizi: atashika kinyago, ataonyesha kibandiko, na atamweleza mgeni kwa uso mkavu kwamba hiyo ni alama ya wazee wa Kimakonde wa Mueda, iliyowekwa usiku, na haiwekwi kwenye kila kinyago.