Yah: Shukrani kwa Punguzo la Senti 4

Kwa Mkuu wa Posta,
Shirika la Posta la Marekani,
Washington.

Mheshimiwa,

Sisi walipakodi tunashukuru kwa ukarimu wako. Julai 2025 stempu ya barua ya kawaida ilifika senti 78, lakini ofisi iliyopiga chapa bahasha zake kwa mashine ililipa senti 74. Punguzo hili lilipozaliwa mwaka 2014 lilikuwa senti 1 tu. Mtoto amekua, hongera mzazi.

Miongoni mwa wanufaika ni halmashauri ndogo. Chukua mji unaotuma barua 500 kwa mwezi: bili za maji, hati za kodi ya nyumba, wito wa mahakama. Unaokoa dola 20. Ukishatoa pango la mashine, wino na mizani, chenji itakayobaki, kama ipo, tujengeeni barabara.

Nasema pango kwa sababu kanuni zenu hazimruhusu mteja kuimiliki mashine hiyo. Hukodi kwa kampuni mlizozipa kibali. Mashine ya zamani ilikuwa nzima. Ilimeza bahasha upande huu, ikaigonga, ikaitema upande wa pili, na karani akaendelea na chai yake. Lakini haikuwa na tabia ya kuwaletea ninyi habari za kila bahasha iliyopita mikononi mwake. Kwa kosa hilo mliivua kibali tarehe 30 Juni 2024, mkaagiza kwamba ifikapo 31 Desemba mwaka huohuo iwe imeondolewa kazini. Mashine kuadhibiwa kwa kutokuwa mbea, hilo ni jipya.

Basi madiwani wa mji huo wakaletewa mkataba mpya mezani, wakaelezwa kwamba ni lazima watumie fedha ili wabane matumizi. Wakapitisha. Wangefanyaje? Asiyebadilisha mashine arudi kubandika stempu moja moja, au ajifunze kuchapa malipo kwa kompyuta, huku foleni ya wenye bili ikimsubiri dirishani.

Tuna maombi mawili. Kwanza, kila mnapotangaza punguzo, mtangaze papo hapo gharama ya kulipata, kwa maandishi ya ukubwa uleule. Pili, kwa kuwa sasa mnajua habari za kila bahasha, wito wa mahakama ufike kabla ya siku ya kesi.

Barua hii imekuja kwa stempu. Zile senti 4 za ziada msizirudishe. Ni mchango wetu kwa mashine itakayofuata, mtakapoamua kwamba hii mpya nayo imezeeka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipakodi

Nakala: Mhasibu wa halmashauri, kwa taarifa na majonzi.