Udhuru wa Mpiga Picha: Uchambuzi wa Kamera Mbili na Aibu Zake

Ununuzi wa kamera, kwa mtu ambaye riziki yake haitokani na kupiga picha, ni miongoni mwa maamuzi machache ya nyumbani ambayo hutanguliwa na utafiti mrefu na kufuatwa na aibu fupi. Mnunuzi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambaye fedha yake inatosha kamera moja tu na ambaye tayari amekwisha kuitangaza nia yake kwa ndugu na majirani, kwa kawaida hujikuta amekwama kati ya vitu viwili, yaani kamera ya DSLR ya zamani iliyopita mikononi mwa watu wengine, na kamera ya kuvuta mbali ambayo lenzi yake hujichomoza yenyewe hadi wapita njia wakageuka kutazama. Wajuzi humshauri alinganishe ubora wa picha, uzito na bei. Ushauri huo ni sahihi, ila umeliacha jambo la msingi, kwamba kila moja ya kamera hizo imeundwa kushindwa mahali pake maalumu, na kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huanza kwa kujiuliza ni udhuru upi atakaoweza kuutamka mbele ya wakwe zake bila kutokwa na jasho.

DSLR ni kamera ya kidijitali yenye kioo kilichoinama ndani yake, ambacho huupeleka mwanga ulioingia kupitia lenzi hadi kwenye kitundu cha kuchungulia, kisha huruka juu kitufe kinapobonyezwa ili mwanga uifikie sensa, yaani kibamba cha kielektroniki kinachoipokea picha mahali palipokuwa pa filamu. Lenzi zake huvuliwa na kubadilishwa, na hapo ndipo umaskini wa mmiliki wake unapoanzia. Mfano unaofaa ni Nikon D90 ya mwaka 2008, yenye megapikseli 12.3, ambayo ndiyo DSLR ya kwanza kurekodi video. Kamera ya kuvuta mbali ina umbo la DSLR, lakini lenzi yake haivuliwi. Badala yake huvuta, yaani hukileta karibu kitu kilicho mbali, kwa kiwango ambacho lenzi za kawaida haziwezi. Nikon P900, iliyotangazwa mwaka 2015, huvuta mara 83, kutoka milimita 24 hadi 2000 kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, kipimo ambacho bado hutumiwa kulinganishia lenzi ingawa wengi wanaokitaja madukani hawajawahi kuishika filamu yenyewe.

Chanzo cha karibu misiba yote itakayoelezwa hapa ni ukubwa wa sensa. Ile ya D90 ina upana wa milimita 23.6 na kimo cha milimita 15.8, ilhali ile ya P900 ina takriban milimita 6.2 kwa 4.6, na hivyo eneo la kwanza ni kubwa kuliko la pili kwa mara 13 hivi. Sinia la pilau na kisahani cha kikombe cha kahawa vikiachwa uani mvua ikinyesha, hakuna mtu mzima atakayekilaumu kisahani kwa kukusanya maji machache. Lakini sensa ndogo ikikusanya mwanga mchache, mmiliki wake huilaumu kamera, aliyemuuzia, na wakati mwingine kampuni ya umeme. Udogo huo haukutokana na ubahili wa watengenezaji. Lenzi ya P900 kwa hakika ni ya milimita 4.3 hadi 357, na ni udogo wa sensa unaoifanya ione kama lenzi ya milimita 2000, kwa kuwa sensa hukata kipande kidogo tu cha taswira na kukikuza. Anayetaka kuyakaribia masafa ya namna hiyo kwa sensa kubwa hana budi kutafuta lenzi kama ile ya Nikon ya milimita 600 yenye tundu la f/4, iliyotoka mwaka huohuo wa 2015, ambayo peke yake ina uzito wa kilo 3.8 na ambayo bei yake inafaa kutajwa pale tu msikilizaji anapokuwa ameketi.

Mahali pa kwanza pa kuzipima kamera hizi ni ukumbi wa harusi, ambako taa huzimwa kwa amri ya MC katika dakika ileile ambayo kila mwenye kamera amekuwa akiisubiri tangu jioni. Tundu la lenzi, yaani uwazi unaoruhusu mwanga kupita, hupimwa kwa namba ya f, ambayo kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo uwazi unavyokuwa mdogo, utaratibu uliowahi kuwakosesha raha hata watu waliofaulu hesabu. Mwenye P900, akiwa ameketi kwenye meza ya nyuma pamoja na wajomba, huvuta hadi mwisho ili ampate bibi harusi akilishwa keki, na papo hapo tundu la lenzi yake hupungua kutoka f/2.8 hadi f/6.5. Kamera, ikiwa imebanwa na giza, hupandisha ISO, yaani kiwango cha kuukuza mwanga uliopokelewa, na picha hujaa chenga, ambazo ni vile vidoadoa vinavyomfanya bibi harusi aonekane kama anarushwa na kituo cha televisheni kilicho mbali wakati wa masika. Shata, lile pazia linalofunguka na kufunga, hubaki wazi kwa muda mrefu kidogo, na mkono wa bwana harusi hugeuka wingu lenye kipande cha keki. Udhuru hapa ni kwamba mwanga haukutosha, nao una heshima yake, kwa sababu kila aliyekuwapo aliona taa zikizimwa.

Mwenye D90 ana njia ya kuikwepa aibu hiyo, nayo ni kununua lenzi ndogo ya milimita 35 yenye tundu la f/1.8, iliyotoka mwaka 2009, ambayo ina uzito wa gramu 200 tu na huona gizani kwa namna inayoridhisha. Tatizo ni kwamba lenzi hiyo haivuti kabisa, na kwa hiyo anayeitumia hulazimika kuvuta kwa miguu. Huinuka, huomba radhi meza moja hadi nyingine, hufika mbele ya jukwaa, huchuchumaa, na kupiga picha safi ajabu, akiwa katikati ya keki na mpiga picha aliyelipwa na kamati ya harusi. Picha yake itapendwa na watu watano. Mgongo wake utatazamwa na ukoo mzima kila video ya harusi itakapowekwa. Udhuru wake, kwamba lenzi haivuti, ni wa kweli kabisa kitaalamu, lakini hakuna mwanakamati aliyewahi kuuelewa.

Mizani hugeuka nje ya mji. Barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na huko hesabu huweza kufanywa kwa utulivu. Simba mwenye mwili wa mita mbili akilala umbali wa mita 200, lenzi ya kawaida ya D90 ya milimita 18 hadi 105, hata ikivutwa yote, itauona upana wa takriban mita 45 za nyasi, na katika picha yenye upana wa pikseli 4,288 simba huyo hatazidi pikseli 200. Mmiliki atalazimika kumwonyesha kwa ncha ya kalamu, akisema kwamba hicho si kichuguu. P900, kwa upande mwingine, kwa umbali huohuo huona upana wa mita 3.6, na simba huijaza picha kwa fahari inayomstahili.

Hata hivyo, upana wa mita 3.6 unapaswa kwanza kupatikana. Kwa mvuto wa juu kabisa kamera huona pembe ya takriban digrii moja tu, na mtu anayeitafuta digrii hiyo kwa mkono unaotetemeka, ndani ya gari ambalo dereva wake amekataa kuzima injini, huona nyasi, kisha nyasi nyingine, kisha sikio la abiria wa kiti cha mbele likiwa kubwa kama ukuta. Wenzake humwelekeza kwa wema usio na faida: kushoto, si kushoto huko, chini ya mti, mti ule mwingine. Anapompata simba, mara nyingi jua limekwisha kupanda, na hewa iliyopashwa joto juu ya ardhi huleta mazigazi, yaani kule kuchezacheza kwa taswira ambako hakuna lenzi inayoweza kukutibu, hata mnyama aliyelala akaonekana kana kwamba anachemka. Ni vyema kusema kwamba asubuhi na mapema, mkono ukiegemezwa dirishani na lenzi ikirudishwa nyuma kidogo kabla ya kuvutwa tena, kamera hii hutoa picha za ndege na wanyama ambazo mwenye D90 hawezi kuzipata bila kukopa. Kwa mwenye D90 udhuru wa porini ni kwamba simba alikuwa mbali. Nao, tofauti na ule wa ukumbini, hupokelewa na watu wote kwa huruma, kwani hakuna anayemtaka ndugu yake asogee karibu.

Sifa kuu ya P900 duniani ni mwezi, ambao iliupiga kwa ukaribu uliowashangaza wengi mara tu ilipotoka, na ambao umetengewa mtindo wake maalumu wa kupigia. Mwezi mpevu kweli hujaa vizuri katika ile digrii moja, kwa kuwa wenyewe ni nusu digrii. Mashaka huja mwishoni mwa Ramadhani, pale mwenye kamera anapopanda darini na kutarajiwa na mtaa mzima kuumaliza ubishi wa mwezi mwandamo. Hilali ni nyembamba, iko chini, imezungukwa na utusitusi wa magharibi, na kamera hushindwa kuulenga ukali wake, ikienda mbele na kurudi nyuma kwa mlio wa injini ndogo iliyokata tamaa, hadi mzee asiye na chombo chochote anyooshe kidole na kuuliza kama kile si ndicho. Mwenye D90 hakupanda darini, wala hakuna aliyemtarajia, na hiyo pia ni faida ambayo vitabu vya maelekezo havikuitaja.

Kununua DSLR iliyotumika kuna elimu yake. Winga wa Kariakoo atamhakikishia mteja kwamba kamera ilikuwa ya mtalii mmoja aliyeitumia safari moja tu, lakini faili la picha lililotoka kwenye Nikon za aina hii hubeba ndani yake hesabu ya mara ambazo shata limefunguka, na programu za kompyuta huisoma hesabu hiyo bila kumwonea mtu haya. Shata la D90 lilijaribiwa hadi mara 100,000, idadi inayoonekana kuwa kubwa hadi mtu apige hesabu kwamba mpiga picha wa harusi anayebonyeza mara 2,000 kila Jumamosi huimaliza kwa mwaka mmoja. Mtego mwingine umo katika lenzi za bei nafuu za zamani, ambazo hazina mota yao wenyewe na hutegemea ile iliyo ndani ya kamera ili kuutafuta ukali wa picha. D90 inayo mota hiyo; ndugu zake wadogo kama D40 na D3100 hawanayo, na aliyeokoa fedha kwa kununua mmoja wao hugundua, mtoto wake akikimbia kuelekea kwenye kamera, kwamba ukali wa picha unatafutwa kwa vidole.

Hali ya hewa ya pwani nayo haimpendelei yeyote. Unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe zinazoonekana kwa kumulika tochi upande mmoja na kuchungulia upande wa pili, ambazo muuzaji huziita vumbi. DSLR huingia vumbi lenzi inapobadilishwa, na vumbi likikaa kwenye sensa huweka doa lilelile katika anga la kila picha. P900 huvuta hewa na mchanga kila lenzi yake inapotoka na kurudi, na ikikwama ikiwa nje hubaki imetoka, kwa kuwa lenzi hiyo haivuliwi ikapelekwa kwa fundi peke yake. Anayeifukia kamera katika debe la mchele ili ikauke huongeza vumbi la mchele juu ya matatizo aliyokuwa nayo. Kasha lisilopitisha hewa na vipakiti vya silika jeli, vile vinavyokuja na viatu vipya, vingemtosha.

Kutokana na hayo uamuzi unaweza kuelezwa kwa ufupi. Ambaye picha zake nyingi ni za ndani, za watoto, sherehe na nyuso za watu, anunue DSLR ya zamani yenye hesabu ndogo ya shata pamoja na lenzi moja yenye tundu pana, na ajifunze kuomba radhi mezani. Ambaye moyo wake uko kwa ndege, mbuga na mwezi mpevu, anunue kamera ya kuvuta mbali, na usiku wa harusi aiache nyumbani. Wapo wachache wanaodhani kwamba watayaepuka yote kwa kununua zote mbili, wakiamini kuwa mwenye kila kamera hahitaji udhuru wowote. Hao wamesahau kwamba betri ya D90 haiingii katika P900 wala ya P900 haiingii katika D90, na ndio waliouvumbua udhuru wa tatu, kwamba betri ilichajiwa usiku kucha hadi ikajaa, isipokuwa ni ya ile nyingine.