Namba ya Mama

Waingereza wana ustaarabu mwingi, lakini kwa miaka mingi waliishi na tozo ambayo sijui waliivumiliaje: ada ya laini. Ukitaka intaneti nyumbani, kwanza ulipie waya wa simu, upige simu usipige. Tangazo lilikuonyesha intaneti ya pauni chache kwa mwezi kwa herufi kubwa. Chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, paliandikwa kwamba ada ya laini ni mbali. Mwaka 2016 BT, kampuni kubwa ya simu ya nchi hiyo, ilikuwa ikiwatoza wateja wake pauni 18.99 kwa mwezi kwa laini tu.

Nyumbani kwetu, mashariki mwa London, waya ule ulikuwa na mwenyewe: mama mkwe. Sisi wengine tulikuwa na simu za mkononi. Yeye alikuwa na simu ya mezani, kiti chake pembeni yake, na kadi za kupigia simu nje alizozikwangua kwa sarafu mpaka zulia likajaa vumbi la fedha. Namba ile waliijua Michenzani kule Unguja, waliijua Mombasa, na dada yake aliyeko Muscat aliikariri kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Ijumaa baada ya sala, simu ililia mpaka magharibi.

Sasa, shemeji yangu ni mtu wa ofa. Mwaka 2014 aliona tangazo la kampuni iliyoahidi intaneti ya kasi kwa bei ya kikombe cha kahawa, akaapa kwamba tunaibiwa. Hakukosea sana. Laini yetu ilikuwa kwa kampuni moja na intaneti kwa nyingine, zote zikipita kwenye waya uleule wa shaba unaotunzwa na Openreach, tawi la BT lililoanzishwa mwaka 2006 ili washindani nao wautumie kwa masharti sawa. Kampuni aliyoiona shemeji ilikuwa imeweka mitambo yake ndani ya kituo cha simu cha mtaa wetu, na ilikuwa na sharti: ukitaka intaneti yetu, ulete na laini ya simu. Moja bila nyingine hatuuzi. Nayo laini tulikuwa tumekwisha kuilipia mwaka mzima ili tupunguziwe, na fedha hizo, tuliambiwa kwa adabu kubwa, hazirudi.

Mke wangu akasema tungoje mwaka uishe. Nyumbani kwetu neno lake ndilo la mwisho, isipokuwa akiwa kazini.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Enzi hizo, ili uhamishe intaneti ilikubidi uombe msimbo maalumu, na msimbo wenyewe ulitolewa na kampuni unayoikimbia. Ni kama kumwendea mume unayemwacha akuandikie barua ya posa ya mume mpya. Shemeji akapiga simu, akasikilizishwa muziki, akapelekwa kwa dada wa kitengo cha kubembeleza. Dada akamuuliza wamemkosea nini. Akampunguzia bei, akampunguzia tena. Shemeji akakaza roho, akapewa msimbo wa kutumika ndani ya siku 30.

Akafungua fomu ya kampuni mpya. Fomu ikauliza: unahamisha laini au unataka laini mpya? Laini mpya ilikuwa bure. Mtu wa ofa atachagua nini?

Fundi alipokuja alikuwa wa Openreach, kijana yuleyule aliyewahi kututengenezea waya wakati wa kampuni ya zamani. Kampuni zilibadilika, fundi na waya ni walewale. Akapima, akaondoka. Laini ya zamani ikakatwa, na intaneti iliyopita juu yake ikafa nayo. Intaneti mpya ingefuata, walisema. Simu ya mezani ilikuwa nzima kabisa, ila kwa namba nyingine.

Ijumaa ikafika. Simu kimya.

“Leo watu wote wamekufa?” mama aliuliza.

Wala hakuwa mbali. Muscat, dada yake alikuwa amepiga na kuambiwa na sauti ya mashine kwamba namba hiyo haipo. Akamwambia mwanawe, mwanawe akampigia binamu Mombasa, na habari ilipovuka bahari kufika Unguja, swali lilikuwa kama mazishi ni London au maiti itasafirishwa. Mtu wa kwanza kumpata mke wangu kwenye simu ya mkononi alianza kwa kilio. Mama akainyakua ile simu: “Pole ya nani? Mimi ninakula wali hapa!”

Shemeji usiku huo alikumbuka ana shughuli Birmingham.

Namba ilirudi, lakini kwa bei yake. Kampuni ya zamani ya laini ilikubali kuitoa ghalani endapo tu tungerudi kwao, kwa mkataba mpya na ada ya laini juu. Bahati njema sheria ya huko humpa anayenunua mkataba kwa simu au mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo, tukaukimbilia mlango huo kuitoka kampuni ya ofa. Ile hotuba ya mke wangu kwa kaka yake sitaiandika.

Mengi yalinyooshwa baadaye. Juni 2015 msimbo ule ulifutwa kwa wanaotumia waya wa Openreach. Tangu Oktoba 2016 matangazo hayaruhusiwi kuificha ada ya laini pembeni. Na tangu Septemba 2024, anayehama huzungumza na kampuni anakokwenda tu.

Lakini mtandao wa zamani wa simu wenyewe umepangiwa kuzimwa Januari 2027. Simu ya mezani itachomekwa kwenye ruta, na umeme ukikatika nayo inazimika. Basi kama una mzee Uingereza anayetegemea simu hiyo, au anayevaa kengele ya dharura shingoni, iarifu kampuni yake kabla hajahamishwa. Wanatakiwa wampe, bila malipo, njia ya kupiga simu ya dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Na waambie tangu mwanzo kwamba namba inabaki ileile, kisha wakuthibitishie kwa maandishi.